Kuupumzisha Mwaridi Mahali Pasipo na Majira ya Baridi

Vitabu vya bustani vitokavyo Ulaya, vifikapo kwenye sura ya mawaridi, hutoa maagizo ya namna moja: Oktoba acha kukata maua, Novemba rundika udongo shinani, kisha uuache mti ulale hata Machi. Mtu wa Goma akiyasoma hushangaa. Oktoba kwake ni mwezi wa mvua. Majani ni mabichi, na machipukizi yatoka kila juma. Wako wanaokitii kitabu, wakaukata mwaridi wao katikati ya mvua za Novemba. Maji huingia katika vidonda vya matawi, uozo hushuka mpaka shinani, na mti wafa. Wako na wengine wanaokiweka kitabu kando na kuuacha mti uendelee upendavyo. Huo nao wafa, ila kwa polepole.

Basi juma hili twataka kueleza jinsi mwaridi unavyolala huko kwenye baridi, na jinsi unavyoweza kupewa pumziko huku kwetu ambako baridi hiyo haifiki.

Huko Ulaya, baada ya majira ya joto huja wakati wa majani kupukutika, nao ni miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba. Siku hufupika, usiku hurefuka, na ubaridi huongezeka kidogo kidogo. Mti huzitambua dalili hizo. Huacha kutoa machipukizi. Matawi yaliyokuwa laini hugeuka kuwa magumu. Chakula kilichotengenezwa na majani huteremshwa, kikawekwa akiba katika mizizi na shina. Ndipo majani huanguka. Barafu ijapo yaukuta mti umekwisha kufunga milango.

Lakini iko miaka ambayo joto halitaki kuondoka. Oktoba yaja na jua zuri, watu wafurahi, na mwaridi wadanganyika. Badala ya kujiandaa kulala, watoa machipukizi mekundu, mororo, yaliyojaa maji. Usiku mmoja wa barafu watosha kuyaua, na mauti hayo yaweza kushuka hata kwenye tawi lililoyazaa. Kwa sababu hiyo mtunza bustani wa huko hutumia akili yake badala ya kalenda. Tangu mwishoni mwa Agosti hatii tena mbolea ya kukuzia majani. Maua ya mwisho hayakati, bali huyaacha yazae yale matunda madogo mekundu, maana mti ulioanza kukomaza mbegu hupunguza haraka ya kuchanua. Tena hapogoi sana mpaka baridi kali iwe imekwisha kupita, kwa kuwa kila pigo la mkasi laufanya mti uamke.

Sasa tutazame Goma. Mji wetu uko kusini ya ikweta kwa kiasi kisichofika digrii 2, kando ya ziwa Kivu, ambalo maji yake yako kwenye kimo cha mita 1,460 juu ya bahari. Mchana joto hufika digrii 25 hivi, usiku hushuka karibu na 15, na hali hii haibadiliki sana tangu Januari mpaka Desemba. Siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote hazipitani kwa robo saa. Mwaridi utapata wapi dalili ya kulala? Kwake mwaka mzima wa Goma ni kama ile Oktoba ya udanganyifu, ila barafu yenyewe haiji kamwe.

Mtu aweza kusema: kama barafu haiji, hasara iko wapi? Mwaka wa kwanza na wa pili haonekani kukosea. Maua hayakosekani mezani, wala mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Katika mwaka wa tatu au wa nne mambo hugeuka. Mti umerefuka kupita kichwa cha mtu, miguu yake ni mitupu haina jani, na maua yaliyokuwa makubwa kama kikombe sasa ni madogo kama kifungo, tena yako juu kabisa ambako mtoto hayafikii. Matawi ya zamani yamejaa kati ya matawi mapya. Mti umekuwa ukitumia kila siku kile ulichokichuma siku ile ile, wala haujapata kuweka akiba.

Tena yako magonjwa. Ugonjwa unaowasumbua zaidi wenye mawaridi ni wa madoa meusi. Huletwa na kuvu, na mbegu za kuvu hiyo huruka katika matone ya mvua. Zikilikuta jani lililobaki na maji kwa saa 7 hivi, huota ndani yake. Jani hupata madoa yenye kingo zisizo sawa, huwa la manjano, kisha huanguka. Katika nchi za baridi majani yote huanguka kwa wakati mmoja, na mwenye bustani huyafagia, akapunguza ugonjwa wa mwaka ujao. Huku kwetu jani gonjwa hubaki juu ya mti huku jani jipya likifunguka chini yake, na mvua huyapitishia madoa kutoka la juu hata la chini. Usingizi wa mwaridi, kumbe, ni siku ya kufagia nyumba pia.

Yafaa hapa tuseme neno juu ya ukoo wa mti huu, maana wengi huuliza mbona mwaridi wa jirani wachanua daima, na wao wakanunua mche wa bei ambao haujatoa ua hata moja. Mawaridi ya kale ya Ulaya yalikuwa yakichanua mara moja tu kwa mwaka, nayo yalizoea kupita kwanza katika baridi. Mawaridi ya Uchina yalikuwa na desturi nyingine: yalichanua mwezi hata mwezi. Mwishoni mwa karne ya 18 miti hiyo ya Uchina ilianza kufikishwa Ulaya kwa merikebu, na watunza bustani wakaichanganya na ile yao. Mwaka 1867 Jean-Baptiste Guillot wa mji wa Lyon, Ufaransa, alitoa waridi aliloliita La France, nalo huhesabiwa kuwa la kwanza katika jamii ya mawaridi makubwa tuyaonayo leo madukani. Katika jamii hiyo hiyo ndimo lilimotoka lile waridi mashuhuri la manjano na pinki la Francis Meilland, ambalo Waingereza na Wamarekani waliliita Peace, yaani Amani, mwaka 1945 vita vilipokuwa vikiisha. Wafaransa hulijua kwa jina la mama yake, Madame A. Meilland.

Kwa hiyo mwaridi wa bustani zetu una wazazi wawili, mmoja alalaye na mmoja asiyelala. Ukiwa umerithi zaidi damu ya Uchina, utakaa Goma kwa raha. Ukiwa ni wa ule ukoo wa kale wa Ulaya, utaota majani mazuri na kungojea baridi isiyokuja. Wa namna hiyo hata tuufundishe vipi hautatii, na twaona ni afadhali kutoupanda hapa.

Jambo la mmea kudai ubaridi kabla ya kuchanua si geni Kivu. Wakulima wa pareto walijua tangu zamani kwamba pareto iliyopandwa chini kwenye joto hutoa majani mengi na maua haba, hali iliyopandwa juu milimani, penye usiku wa baridi, hujaa maua meupe. Nayo mitofaa, ambayo kwa asili hudai baridi, imefundishwa kuishi penye joto: huko Batu, katika kisiwa cha Java, wakulima huichuma majani yote kwa mikono baada ya mavuno, na mti, ukijiona uchi kana kwamba majira ya baridi yamepita, huchanua tena. Huko California, Marekani, mahali pasipo na barafu, wenye mawaridi hufanya vivyo hivyo kila Januari. Wamejifunza kuupa mti majira ambayo mbingu haikuupa.

Huku kwetu tuna kitu kinachofanana kidogo na baridi, nacho ni ukame. Mvua za Goma hushika tangu Septemba hata Desemba, na tena tangu Februari au Machi hata Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi, na Julai ndio mwezi mkavu kupita yote. Mti unaokosa maji kwa kiasi hupunguza kukua na kukomaza matawi yake. Hapo ndipo penye usingizi wetu, na kazi yote yapaswa kupangwa kuuzunguka.

Mwanzoni mwa Juni acha mbolea. Kama ulikuwa ukikata maua kila siku, acha kuyakata. Yaache yanyauke juu ya mti na kuzaa matunda, kama wafanyavyo wa Ulaya. Kisha punguza maji. Hatusemi uyakatize ghafula. Mwaridi uliozoea bidoni moja kila baada ya siku mbili na upewe moja kwa juma, na baadaye nusu yake. Tazama matawi: majani yakikakamaa na kupoteza mng'ao, na machipukizi yakakoma, kazi yaenda vizuri. Ngozi ya tawi ikianza kukunjamana, kiu imezidi. Mwagilia siku hiyo hiyo.

Na hapa ndipo Goma ilipo tofauti na mahali pengine, kwa ajili ya jiwe. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe yaliyotoka moto katika mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima huo ulipasuka ubavuni. Moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na kuwaacha watu zaidi ya 100,000 bila makao. Watu walirudi, wakajenga juu ya jiwe lilipopoa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na moto ukaishia Buhene, mlangoni mwa mji. Jiwe hilo likisagika baada ya miaka mingi huwa udongo wenye rutuba kuu, kama ushuhudiavyo mashamba ya Rutshuru. Likiwa bado jipya halina udongo hata kiganja. Mwenye kutaka mwaridi huvunja shimo kwa nyundo na mtaimbo, akalijaza udongo ulioletwa kwa gari au kwa chukudu.

Mti uliopandwa katika shimo la namna hiyo ni kama uliopandwa ndani ya chungu. Mizizi haina pa kwenda, na maji huteremka kati ya nyufa kwa upesi wa ajabu. Majuma matatu ya ukame ambayo mwaridi wa Masisi wayapita ukiwa umesinzia tu, yaweza kuuua mwaridi wa mtaa wa mawe. Kwa hiyo shimo na liwe kubwa, mikono miwili ya mtu mzima kwenda chini kama yawezekana, na pande zote hivyo hivyo. Na wakati wa kiangazi juu ya udongo itandazwe nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa kiganja, bila kugusa shina. Penye udongo haba usiutese mti kwa kiu. Uupe pumziko kwa mkasi zaidi kuliko kwa ukame.

Katikati ya Julai kata. Tumia mkasi mkali wa kukatia miti, uliooshwa kwa sabuni na kupitishwa motoni kila uhamapo mti mgonjwa. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa, hata ufike kwenye moyo mweupe wa mti. Ondoa yanayosuguana, na yaliyo membamba kama unyasi. Machipukizi yatokayo chini ya mahali mche ulipounganishwa, yang'oe kabisa, maana hayo ni ya mti mwingine wa mwituni, nayo yatamnyonya mwenzake. Yale mazuri yanayobaki yakate juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mshazari, ili maji yasitue juu yake na tawi jipya lielekee nje kwenye hewa.

Ukate kiasi gani? Hapa twaachana na vitabu vya Ulaya kabisa. Huko hukata sana, mara nyingine wakaacha shina la shubiri moja tu juu ya ardhi, na mti huinuka tena kwa nguvu. Huinuka kwa kuwa akiba yake iko mizizini, imetunzwa huko majira yote ya baridi. Mwaridi wetu umesinzia tu, haukulala kweli. Sehemu kubwa ya nguvu zake ingali katika matawi na majani. Ukiukata mpaka shubiri moja umeunyang'anya ghala lake. Acha nusu ya urefu wake au hata theluthi mbili. Mti wa kimo cha mtu na ubaki kimo cha kiuno. Tumeona miti mingi ikifa kwa mkasi mkali kuliko iliyokufa kwa wadudu.

Kisha yachume majani yote yaliyobaki, kwa mkono, ukiyavuta kwa upole ili jicho lisitoke pamoja nalo. Wengi huona huruma wafikapo hapa, na wanafunzi wa bustani za shule hudhani wanachezewa. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mti usio na jani haupitishi madoa ya mwaka jana kwa majani ya mwaka huu. Yaokote na yaliyoanguka, uyachome yote. Usiyatie katika shimo la mboji.

Uache mti hivyo majuma mawili. Mwezi wa Agosti ukianza, macho yatavimba na kuwa mekundu. Hapo rudisha maji kidogo kidogo, na kuzungushia samadi iliyokwisha kuoza, ndoo moja kwa mti mkubwa, ukiifukia juu juu. Majivu ya makala tuliyo nayo majumbani yana faida yake, lakini konzi moja yatosha. Yakizidi huufanya udongo kuwa mchungu wa magadi, na majani huwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Ugonjwa huo huo waweza kuletwa na maji ya ziwa, maana maji ya Kivu yenyewe yana magadi. Mwenye pipa la maji ya mvua na ayatumie hayo kwanza. Maji ya mvua nayo yana neno lake kwetu: moshi wa Nyiragongo na wa Nyamulagira ukielekea upande wa mji, mvua hushuka na ukali wa moshi ule, na majani laini hupata alama kama za kuungua. Usiyadhanie kuwa madoa meusi, wala usinunue dawa. Alama za moshi hutokea siku moja kwenye kila mmea wa bustani, hata maharage. Kuvu huanza kwa majani ya chini ya mwaridi peke yake na kupanda juma hata juma. Majivu ya mlima yakianguka, yaoshe kwa maji safi asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku.

Wako wasomaji waliotuuliza juu ya miti iliyoachwa. Vita vilipoingia mjini Januari 2025, nyumba nyingi zilibaki zimefungwa, na waliorudi walikuta mwaridi umekuwa kichaka cha miiba. Mti huo haukufa. Lakini usiukate wote kwa siku moja. Kiangazi cha kwanza toa theluthi ya matawi ya zamani kabisa, uyakate shinani. Mengine yapunguze kidogo tu. Kiangazi cha pili theluthi nyingine, na cha tatu iliyobaki. Katika muda huo matawi mapya yatakuwa yametoka chini, na mti utakuwa umejivika mwili mwingine bila kufa njaa.

Jambo jingine ni hesabu ya siku. Tangu kukata mpaka kuchanua, mwaridi huchukua majuma 6 hata 9, kadiri ya joto la mahali. Huko Naivasha, Kenya, kwenye mashamba makubwa yauzayo mawaridi Ulaya, hesabu hiyo hushikwa sana: ili wapate maua ya tarehe 14 Februari, hukata matawi mapema Desemba. Sisi twaweza kuitumia kwa sikukuu zetu. Mti uliokatwa katikati ya Julai utachanua katikati ya Septemba, mvua zinapoanza. Mwenye kutaka maua ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, akate mti mmoja au miwili katika juma la tatu la Juni. Kwa Oktoba, mwezi wa Rozari, ambao jina lake lenyewe latoka katika neno la Kilatini la bustani ya mawaridi, akate mingine mapema Agosti. Kwa Mei akate vichwa tu mwezi wa Machi, kidogo sana, kwa kuwa ni wakati wa mvua na vidonda havikauki vizuri. Lakini kila mti na upewe kiangazi kimoja cha mapumziko kamili kwa mwaka. Usiukate ule ule mara tatu kwa ajili ya sikukuu tatu.

Vile vijiti ulivyokata Julai usivitupe vyote. Chagua vilivyo vizima, unene wa kalamu ya risasi na urefu wa shubiri moja, vyenye macho matatu au manne. Vichomeke katika mchanga mweusi uliochanganywa na udongo, theluthi mbili ziwe chini, kivulini, na uvinyunyizie maji kila jioni. Baada ya miezi miwili, vilivyoshika mizizi vitaonyesha majani mapya. Vihamishe mvua za Septemba zikiisha kutulia.